Seti ya matone ya mita 500 za mraba: tanki lina kazi kuliko mipira yake

Tuseme mapema: kwa mkulima wa mboga wa Lubumbashi, seti hii ya kumwagilia kwa matone inafaa kununuliwa. Ila sababu ya kuinunua si ile inayotajwa dukani. Muuzaji anasifu mipira ya matone. Sisi tunaona kitu chenye thamani zaidi ni tanki, na tanki ndilo ambalo watu wengi wanaliacha ili kupunguza bei.

Ndani ya seti kamili kuna tanki la plastiki la lita 1,000, robine (koki) moja, filta ya wavu wa mesh 120 (matundu 120 kwa kila inchi), bomba kuu la milimita 32, mita 500 za mpira wa matone wa milimita 16 wenye tundu kila sentimita 30, viunganishi 50 na raba zake. Shamba linapimwa mita 20 kwa 25. Bomba kuu linapita katikati, kisha mipira ya mita 10 inatoka huku 25 na huku 25, mmoja kwa kila mita. Usikubali kuambiwa uuache mpira mmoja uende mita 20 au 30 ili kuokoa viunganishi. Kwa maji yanayoshuka yenyewe kutoka tankini, kadiri mpira unavyorefuka ndivyo miche ya mwisho inavyopata maji kidogo zaidi, hata kama ardhi ni tambarare. Shamba likiwa na mteremko, bomba kuu lifuate mteremko na mipira ilale kuukata.

Namba ya kuangalia kwa makini ni ile ya tundu. Imeandikwa lita 1.6 kwa saa, na si uongo, lakini imepimwa kwa bar 1, yaani kama tanki lingekuwa juu mita 10. Hakuna anayejenga hivyo bustanini. Tanki likikaa mita 1 juu ya tuta, tundu linatoa karibu nusu lita kwa saa. Likikaa mita 2, linatoa lita 0.7. Ukihesabu matundu 33 kwa mpira na mipira 50, unapata matundu 1,650, basi kwa kimo cha mita 1 shamba linakunywa lita 825 kwa saa. Tanki linaisha baada ya saa moja na robo hivi. Jengea msingi wa matofali ya kuchoma, usiweke miti: lita 1,000 ni tani nzima, na miti iliyoliwa na mchwa inaangusha tanki mara ya kwanza linapojaa.

Sasa lile neno la dukani, kwamba tanki moja kwa siku linatosha. Mwezi wa 6, baridi ikiwa bado na miche midogo, ni kweli: tuta linataka lita 2, mara nyingine 3, kwa mita ya mraba, na sehemu kubwa ya shamba bado ni udongo mtupu usiohitaji maji. Mwezi wa 10 si kweli kabisa. Jua la Oktoba kabla ya mvua, joto likipita digrii 30, nyanya zilizofunga majani zinataka lita 5 kwa kila mita ya mraba, na siku za upepo hata 6. Kwa mita 500 hiyo ni lita 2,500 hadi 3,000 kila siku, matanki mawili na nusu au matatu. Kwa bidoni za lita 20 ni bidoni 125 hadi 150. Anayepanga msimu wake kwa tanki moja ataona maua ya nyanya yanaanguka wiki ya pili ya Oktoba na atadhani ni ugonjwa.

Bado seti inaokoa maji. Katika hesabu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, maji yanayopitishwa kwenye mifereji yanafika kwenye mmea kwa asilimia 60, ya matone kwa asilimia 90. Magugu yanapungua kwa sababu njia kati ya matuta inabaki kavu, na majani ya nyanya hayalowi, hivyo ugonjwa wa baka unakawia kuingia.

Kabla ya kulipia fundi aliyefunga, pima. Chukua kikombe na bomba la sindano lisilo na ncha. Weka kikombe chini ya tundu la kwanza la mpira kwa dakika 6, kisha chini ya tundu la mwisho la mpira ulio mbali zaidi na tanki. Kwa kimo cha mita 1 utavuta karibu mililita 50. La mwisho likitoa chini ya 40, kuna kosa: mpira umejikunja, kiunganishi kinavuja, filta imeziba, au mipira ni mirefu mno. Rudia kipimo hiki kila mwezi. Kinachukua robo saa, na kinakuonyesha shida mapema, kabla majani hayajaanza kukunjamana.

Kinachoua seti hizi hapa kwetu ni uchafu. Fungua filta baada ya siku tatu za kuvuta maji ya kijito, utakuta wavu umevaa utelezi wa kahawia mzito kama uji wa ulezi, na katikati chembe za mchanga zinazong'aa. Wavu ule unasuguliwa kwa mswaki laini kila siku kijito kinapokuwa chini, si kila wiki kama karatasi ya maelezo inavyosema. Mwisho wa kila mpira ufunguliwe mara moja kwa juma, maji yakimbie hadi yatoke meupe, kisha ukunje tena. Wakati wa kulaza mpira, matundu yatazame juu. Watu wengi wanayageuza chini wakidhani maji yatashuka vizuri, kumbe tope linatua palepale penye tundu. Maji ya kisima yanayoacha kutu kwenye ndoo, yaache yalale tankini usiku mmoja na utoe maji sentimita 10 juu ya sakafu ya tanki. Maji yanayoacha ukoko mweupe ndani ya birika yataziba matundu polepole kwa chokaa, na mpira mwembamba wa aina hii ni vigumu kuusafisha ukishafika hapo. Hesabu kuununua upya baada ya msimu mmoja au miwili.

Jembe na panya ndio wanaofuata. Nunua viunganishi 20 vya ziada siku hiyohiyo. Na jambo moja lisilozungumzwa dukani: filta ya mesh 120 inashika mchanga, haishiki shaba wala kobalti iliyoyeyuka. Kijito kinachopokea maji ya mgodi au ya kiwanda kitabaki kilivyo hata ukikipitisha kwenye matone.

Tuje kwenye ugomvi, maana wengi wananunua seti hii kwa sababu ya ugomvi. Kuanzia mwezi wa 8, kwenye vijito vinavyoingia mito ya Kafubu na Naviundu, wa juu anaweka magunia ya mchanga, wa chini anaamka anakuta mawe makavu, na maneno yanaanza. Kila mmoja anasema maji yamekwisha. Mara nyingi hayajaisha, na unaweza kuthibitisha kwa bidoni. Tafuta mahali kijito kinapoanguka, kinga bidoni ya lita 20, hesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 20, kijito kinaleta lita 1 kwa sekunde. Kwa saa 24 hiyo ni lita 86,400. Kwa shamba la mita 500 linalotaka lita 2,500, maji hayo yangetosha mashamba 34, na hata ukiacha nusu ipite kwa ajili ya watu wa chini, yanatosha 17. Lakini watu wote wanataka kumwagilia saa 12 hadi saa 3 asubuhi. Katika saa hizo tatu kijito kinaleta lita 10,800 tu, mashamba manne. Na pampu moja ya petroli ya inchi 2, inayoweza kuvuta lita 6 au 8 kwa sekunde, inakausha kijito chote dakika inapowashwa, hata kama mwenyewe anachukua kiasi cha haki.

Ndiyo maana tunalisifu tanki. Mwenye tanki anaweza kujaza saa 4 usiku, polepole, kwa mpira mdogo, na asubuhi asiguse kijito. Mwenye mipira ya matone bila tanki, anayeifunga moja kwa moja kwenye pampu, anabaki palepale kwenye foleni ya saa 12, na pampu yake inapasua mipira kwa sababu haikutengenezwa kwa nguvu hiyo. Wakulima kumi wa kijito kimoja wakinunua matanki na kupanga zamu za usiku, wamepata maji mengi kuliko wakinunua mipira peke yake. Muuzaji akikupa punguzo ili uache tanki, kataa.

Dukani utasikia pia kwamba haya ni matone yaleyale ya mashamba ya mizabibu ya Marekani na Afrika Kusini. Ufundi ni uleule, kweli. Lakini fuata habari hiyo hadi mwisho. Paso Robles, California, ni nchi ya divai, na mizabibu yake inanyweshwa kwa matone. Ukame ulipokaza kuanzia 2012, visima vya nyumbani vya majirani vilikauka kwa sababu vya mashamba vilikuwa virefu zaidi na mashamba yalikuwa yameongezeka. Agosti 2013 kaunti ya San Luis Obispo ilitoa amri ya dharura: asiongeze mtu mizabibu mipya bila kuokoa maji ya kiasi hichohicho mahali pengine. Mwaka 2014 jimbo zima likapata sheria ya maji ya chini ya ardhi. Machi 2016 wapiga kura wa hapo walikataa kuunda wilaya ya maji ya kusimamia bonde lao. Matone yalikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana ni kipimo kinachokubaliwa na kikomo cha ukubwa wa shamba.

Kule Cape, Afrika Kusini, ukame wa 2015 hadi 2018 ulifika mahali ambapo kilimo kwenye mfumo wa maji wa jimbo kilikatiwa asilimia 60. Februari 2018 wakulima wa Elgin, bonde la matofaa na mizabibu, walifungulia mji wa Cape Town lita bilioni 10 kutoka mabwawa yao. Huwezi kutoa kiasi kama hicho bila kujua kwa namba ulichonacho bwawani.

Hapa kwetu hatari ni ileile. Mkulima anaokoa theluthi ya maji kwa matone, kisha anafungua matuta mapya kwa maji aliyookoa, na jirani wa chini hapati hata tone la nyongeza. Kwa hiyo ongeza kwenye seti kitu kimoja ambacho hakimo: mita ya maji ya kawaida, ifungwe kati ya tanki na filta, au angalau mstari wa rangi kwenye tanki kila lita 100. Andika kila siku. Siku ya kikao mbele ya mkuu wa kartie (mtaa), daftari lenye lita linasikilizwa kuliko sauti kubwa. Sheria ya maji ya Kongo, nambari 15/026 ya 31 Desemba 2015, inayaweka maji katika mali ya umma. Kununua parseli ukingoni si kununua kijito.

Wenye foraje (visima virefu vya pampu) karibu na visima vya kuchimba kwa mkono wana wajibu wa ziada. Pampu inaposhusha maji, inayashusha kama shimo la faneli, na kisima kifupi cha jirani ndicho kinachoanza kukauka. Mama wa jirani ashushe kamba yenye jiwe kila Jumamosi asubuhi kabla pampu haijawashwa, apige fundo palipolowa. Fundo likizidi kushuka wiki baada ya wiki, pampu ipunguziwe saa, na zamu ihesabiwe upya.

Bei hatuiandiki, kwa kuwa inabadilika kila mzigo unapovuka mpaka wa Kasumbalesa. Omba muuzaji aandike bei ya kila kipande peke yake, ukate mbolea ya maji na kile kifaa cha kuichanganya ambacho hakifanyi kazi vizuri kwa kimo cha mita 1, na fedha hiyo uiweke kwenye robine tatu za ziada. Robine nne zinagawa shamba vipande vinne. Zamu yako ikikatwa nusu mwezi wa 10, unanywesha nyanya zenye matunda na kuacha lengalenga zisubiri kesho.