Daftari la mapishi kwa anayeandika visa vya familia

Daftari la mapishi lenye vichwa vilivyochapishwa tayari limetengenezwa kwa ajili ya mpishi. Mwandishi wa visa vya familia analifaidi zaidi, kwa sababu linambana aseme nani alifanya nini jikoni kabla hajaanza kulalamika.

Sehemu ya thamani kuliko zote ni ile ndogo ya "Idadi ya walaji". Andika namba, halafu majina, halafu nani alipakua na nani alipakuliwa mwisho. Mkwe aliyepika akala amesimama, mtoto wa kambo aliyehesabiwa siku za wageni tu: hayo hujitokeza kwenye hesabu ya sahani mapema kuliko kwenye maelezo ya uchungu.

"Vipimo" nayo ni nzuri. Mapishi ya kurithi hujaa "chumvi kiasi" na "maji ya kutosha". Usikimbilie kusahihisha. Pima tu: kijiko cha chai ni mililita 5, cha mezani 15. Andika kipimo kilichotajwa upande mmoja, na kile mkono ulichomwaga kweli upande wa pili. Vikipishana kila anapofundishwa mtu yuleyule, umepata kisa.

Kasoro iko kwenye "Hatua". Mistari michache ile haitoshi onyesho lolote. Ongeza karatasi, kila hatua ukurasa wake, na muda wa kupika uwe ndio muda wa mazungumzo. Vitunguu vikikaangwa kwa moto mdogo hadi viwe kahawia iliyokolea huchukua dakika 30 hadi 45, na anayekoroga hawezi kuondoka. Katika muda huo swali gumu laweza kuulizwa, kukwepwa, kisha kurudi. Mhusika akiongeza moto ili mazungumzo yaishe upesi, vitunguu vitaungua, na msomaji ataelewa bila kuambiwa.

Kisanduku cha "Kumbukumbu" kibandike karatasi juu. Kinaalika sentensi tamu, harufu na sifa, na mwisho ambapo wote wamepatana mezani. Mama na binti wanaweza kula sahani moja mwaka mzima wasisemezane. Kama ndivyo ilivyo, andika hivyo.

Tena, kubadilisha jina la ndugu hakumfichi ikiwa ukoo mzima unajua chakula kile ni cha shangazi gani. Badilisha na chakula, kisha hakikisha muda na hatua mpya bado vinabeba mazungumzo.

Upande wa umbo: saizi ya A5, milimita 148 kwa 210, inashikika vizuri ila ni finyu kwa safu mbili za vipimo. Karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba mara nyingi hupenyeza wino wa majimaji. Tafuta ya gramu 100 au zaidi. Daftari lililoshonwa kwa uzi au kufungwa kwa waya hulala wazi. La gundi tupu hujifunga, na likilazimishwa kurasa huachia. Lisikae karibu na jiko, maana karatasi iliyolowa mafuta haishiki wino. Jikoni tumia penseli na karatasi ya pembeni.

Anayeanza anunue la waya. Mwenye kisa kirefu achukue daftari tupu, achore mwenyewe walaji, vipimo na hatua, na hatua azipe nafasi yote iliyobaki.