Silenjitaidi ya mtandaoni kwa uvimbe wa ubongo: tathmini ya mfamasia wa Tabora

Silenjitaidi inauzwa mtandaoni katika vichupa vidogo vya unga mweupe, na wateja wameanza kuniulizia hapa Tabora kwa sababu wamesoma kuwa inazuia uvimbe wa ubongo usiendelee kukua.

Wazo lililoizaa silibezi. Seli za glioblastoma, ambayo ni saratani kali ya ubongo, hupenya katika tishu zilizo nzima kwa kutumia molekuli za kujishikizia ziitwazo integrini, na mishipa midogo inayochipua ili kuulisha uvimbe kwa damu huzitegemea vilevile. Silenjitaidi huziba sehemu ya integrini inayoshika. Tatizo ni matokeo. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 545 waligawanywa katika makundi mawili, yote yakapata mionzi na temozolomidi (dawa ya kawaida ya saratani hii), moja likaongezewa silenjitaidi; muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya wagonjwa waliupita, ulikuwa miezi 26.3 kwa kundi hili na miezi 26.3 kwa lile. (Hao walikuwa wagonjwa waliochaguliwa kwa kuwa uvimbe wao huitikia temozolomidi vizuri zaidi, kwa hiyo mtu asiichukue miezi hiyo kama ahadi.) Merck ya Darmstadt, Ujerumani, iliyokuwa ikiitengeneza, ikaachana nayo.

Kinachouzwa sasa ni kemikali ya maabara. Mkulima mmoja wa tumbaku kutoka Urambo alinionyesha tangazo kwenye simu yake, na chini ya bei, kwa herufi ndogo, paliandikwa kuwa ni kwa utafiti tu, si kwa binadamu. Kichupa kilikuwa cha miligramu 5. Wagonjwa wa jaribio lile walipewa miligramu 2,000 kwa dripu mara mbili kwa wiki, yaani vichupa 400 kwa dripu moja.

“Basi mwanangu, si tumpe mgonjwa wetu hicho kidogo?” aliuliza. Hapana, mzee wangu. Utafiti wa mwaka 2009 kwa panya ulionyesha kuwa kiasi kidogo mno cha dawa za aina hii kinaweza kuchochea uvimbe na mishipa yake badala ya kuvizuia.

Kwa hiyo siiagizi, hata kwa mteja aliyekwisha kutenga fedha. Fedha hizo zina kazi ya haraka zaidi: nauli na malazi ya kufuata mionzi katika hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo kwa kawaida huchukua takriban wiki sita, pamoja na temozolomidi iwapo daktari ameiandika.