Cheti cha tabia njema: ombi la simu, vidole vya wino

Huduma ya cheti cha polisi cha tabia njema naipa nyota mbili kati ya tano, na zote mbili nimewapa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Huko hakuna shida: unajaza ombi, unalipa shilingi 1,050 kwa M-Pesa, unapakua C24, fomu ya kuchapa alama za vidole. Baada ya hapo simu inarudi mfukoni, na kazi yote iko kwa wino, rola na kibao, mambo ya enzi za kipande cha mkoloni.

Mwambie kijana wa saiba, duka la kompyuta, akuchapie C24 pande zote mbili za karatasi moja. Ukifika na karatasi mbili unarudishwa, foleni umeshapiga. Chukua nakala ya akiba pia. Utaona faida yake. Kitambulisho beba chenyewe, si nakala pekee.

Mezani pa kuchapa vidole, tazama kibao cha wino kwanza. Kikimetameta kama kiwi ya viatu, wino umezidi, na utaziba mianya iliyo kati ya mistari ya kidole. Omba usambazwe upya kwa rola. Kidole huviringishwa mara moja tu, ukingo wa kucha hadi ukingo wa pili. Kikirudishwa nyuma, mistari inachapwa juu ya mistari. Legeza mkono kabisa, afisa akizungushe mwenyewe. Wanaojitia kusaidia kwa kusukuma ndio wanaoharibu.

Jasho na mafuta hufukuza wino, kwa hivyo asubuhi hiyo usijipake chochote mikononi. Fundi wa mawe na wanaofua nguo kila siku wana tatizo la kinyume, mistari imelika. Hao wajipake losheni kwa wiki nzima, kisha waache siku yenyewe.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba skana ingekataa kidole kibovu papo hapo, urudie, uende zako. Karatasi haisemi kitu. Inapokelewa vizuri tu, halafu inakuja kukataliwa ukiwa umeshamwahidi mwajiri cheti. Kwa hivyo kabla hujaiachilia, kagua kila kisanduku. Ukiona doa jeusi badala ya mistari, toa ile nakala ya akiba mrudie.

Ofisi niliyohudumiwa, hapa katikati ya jiji, ilikuwa na pamba kuukuu na mfereji usio na maji. Beba kitambaa na sabuni ya unga kidogo. Wino huu ni wa mafuta. Maji matupu yanausambaza tu, hadi kwenye mikono ya shati.