Loji ya Mtwara, watoto watatu na chupa yangu ya chai

Nilisema hili jambo niliache lipite ila kila nikifungua kabati nikaiona ile chupa ya chai roho inarudi kulekule, bora niandike wenye watoto wadogo wanaopanga kwenda Mtwara wasome mapema.

Sisi tunakaa Masasi. Mkubwa yuko darasa la tatu, wa kati ana miaka minne, wa mwisho ana miezi 11 na anatumia maziwa ya kopo tangu mimi nilipougua. Baba yao alipata likizo fupi, kama si mwanzo wa mwezi uliopita basi katikati, tukasema safari hii hatukai ndani, tunaenda kuwaonyesha watoto bahari maana huyu wa kati alikuwa hajawahi kuiona hata siku moja. Dar ni mbali na hela yake siyo ya mchezo, Mtwara lami mwanzo mwisho, asubuhi unatoka mchana upo mjini. Bajeti tukaweka laki mbili na nusu kwa kila kitu, siku tatu usiku mbili. Inatosha kabisa kama umejipanga, na mimi nilijipanga jamani. Nilifunga maandazi, mayai ya kuchemsha, maji ya kunywa ya kutosha, nepi, dawa ya mbu, na chupa ya chai ya lita mbili ya maji ya moto kwa ajili ya maziwa ya mtoto.

Loji niliipata kwa kuulizia, ipo Shangani, jina silitaji. Chumba 35,000 kwa usiku. Kabla sijarusha adivansi nilipiga simu nikaongea na dada wa mapokezi, nikamwambia kila kitu, tupo watu wazima wawili na watoto watatu, mmoja mchanga, nikamuuliza maji ya moto yapo? Akasema yapo masaa 24. Nikauliza tena, maana mimi mtu wa kuuliza mara mbili, akasema dada ondoa shaka, karibuni. Nikatuma hela.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Ndanda, Nyangao, Mtama, pale Mnazi Mmoja gari likakata kulia kuacha njia ya Lindi, wadogo wawili tumewapakata, na maji ya kwenye chupa yakaisha kabla hatujafika. Pale Mikindani barabara inaposhuka bahari ikatokea, wa kati akabandika uso kwenye kioo akauliza, mama hayo maji yote nani kayamwaga? Basi zima likacheka. Kwa lile swali tu nauli yangu ilikuwa imerudi.

Tukafika loji jioni. Chumba sina cha kukisema, niseme ukweli, kisafi, neti haina tundu hata moja, feni inazunguka, shuka zinanukia sabuni. Siku ile ungeniuliza saa 12 jioni ningekupa nyota tano.

Saa 2 usiku nikashuka na chupa yangu mpaka mapokezi. Yule dada, ndiye yuleyule wa kwenye simu, sauti niliijua, yuko na simu yake. Nikamwambia mdogo wangu naomba maji ya moto kwenye hii chupa, ya maziwa ya mtoto. Hakunyanyua uso. Akasema ya moto si yapo huko bafuni. Nikamwambia yale ni ya kuogea, yanatoka kwenye bomba, mimi nataka yaliyochemka ya kunywa mtoto. Akasema jiko limefungwa mpishi kaondoka. Nikamwambia lakini tuliongea kwenye simu, hata kama ni kulipia nitalipia. Hapo ndo akanyanyua uso, akaniangalia mimi, akaiangalia na chupa, akasema, "Mama, hapa siyo wodi ya wazazi. Mwenye mtoto mchanga si angebaki nyumbani kwake."

Mimi ni mtu mzima, nimesemwa maneno mengi, ila lile lilinikalia hapa kwenye koo. Mtoto ninaye mgongoni, analia, na wageni wengine wawili wamekaa pale kwenye makochi wanaangalia taarifa ya habari. Nikasema sawa. Akaniambia niache chupa pale juu ya meza ataona cha kufanya. Nikaiacha. Nikarudi chumbani nikambembeleza mtoto kwa uji uliopoa wa kwenye kopo la mwenzie, akaonja akatema, akalia mpaka akasinzia kwa kuchoka. Saa 4 nikashuka, chupa ipo palepale, tupu, dada kaenda kulala.

Saa 8 usiku mtoto akaamka na kile kilio cha njaa, mwenye mtoto anakijua, siyo cha kudeka. Baba yake anataka kutoka akatafute bajaji aende mjini kuulizia maji ya moto, saa 8 usiku! Nikamwambia kaa na hawa wawili. Nikambeba nikashuka uani na chupa yangu mkononi hata sijui naenda wapi. Pale getini kuna mzee mlinzi, makamo ya baba yangu, kajifunga koti zito, ana jiko lake dogo la mkaa na birika juu yake. Shikamoo baba. Marahaba mwanangu, mbona mtoto analia hivyo, anaumwa? Haumwi baba, ana njaa, maji ya moto nimekosa.

Hakuuliza la pili. Akachukua ile chupa akaisuuza kwanza kwa maji kidogo ya moto, akamwaga, kisha akamimina birika lote, maji ya kahawa yake yale, mpaka yakafika kwenye shingo ya chupa. Nikasema baba umebaki na nini? Akasema nitachemsha mengine, usiku bado mrefu. Nikakoroga maziwa palepale kwenye kigoda chake, nikapoza, nikadondoshea tone kwenye mkono kuona joto, mtoto akanywa yote anamwangalia mzee. Nilitokwa na machozi, sioni aibu kusema.

Kwa hiyo mimi nitawaambiaje watu kuhusu hii loji? Maana mzee naye ni wa loji hiyohiyo.

Siku ya pili ilikuwa ya watoto kweli. Tulipanda pantoni kwenda Msangamkuu, hela ndogo tu, safari yenyewe fupi hata mtoto hachoki, na ule upande wa pili mchanga ni mwingi kweli, jina lenyewe si mchanga mkuu. Maji yalikuwa yametoka, wakaokota makombe mpaka mfuko wa maandazi ukajaa. Mchana tukapatana na dereva wa bajaji 20,000 atupeleke Mikindani na kuturudisha, ni kama kilomita 10 hivi. Kuna lile boma la Wajerumani la 1895, na Mikindani ndiko alikoanzia Livingstone safari yake ya mwisho mwaka 1866, nilimweleza mkubwa ila yeye alikuwa anahesabu ngalawa. Kilichomwingia ni kata ya Reli. Dereva alipoitaja akataka kuona treni. Baba yake akamweleza Waingereza walijenga reli kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya mradi wa karanga, karanga zikawashinda, reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya 60, jina ndo limebaki. Mpaka leo anauliza vyuma walivipeleka wapi.

Usiku ule wa pili sikumwomba mtu. Tulikula kwa mama ntilie mjini, wali samaki, sahani mbili watu wanne tukashiba, nikamwomba maji ya moto akanijazia chupa bila hata kuuliza bei. Kwa hiyo mwenye mtoto mchanga jaza chupa huko huko unakokula, na kwenye simu usiulize maji ya moto yapo, uliza mtanichemshia maji ya maziwa ya mtoto saa 2 usiku, nani atachemsha, na umwambie akujibu kwa meseji.

Hasira ilikuwa imeshuka. Nilishaamua kwamba nitatoa nyota tatu, chumba kisafi, bei nzuri, mzee wa getini, dada yule labda alikuwa na yake siku ile, sote binadamu.

Asubuhi ya kuondoka nikaenda mapokezi kurudisha ufunguo. Dada kasimama kanipa mgongo anakoroga chai yake. Nyuma ya kaunta, pale chini karibu na soketi, kuna jagi la umeme la kuchemshia maji, kataa kekundu kanawaka, mvuke unatoka. Nikamuuliza kwa upole kabisa, hili jagi ni jipya? Akasema hapana, lipo siku zote, la kwetu wafanyakazi.

La siku zote. Dakika tatu tu zingetosha, mwanangu asingelala na njaa na mzee asingekosa kahawa yake.

Nikauweka ufunguo mezani nikatoka. Mzee zamu yake ilishaisha, sikumkuta hata nimuage. Zile nyota tatu nimezifuta, nimeacha moja, na hiyo moja ni ya kwake.