Paris kwa Saa 96: Pasi ya Makumbusho Niliyomnunulia Mama

Mama yangu alifundisha shule ya msingi Tanga mpaka akastaafu, na miaka yote hiyo alikuwa akisema iko siku atakuja kuona ninapofanyia kazi. Mimi ni muuguzi Köln, Ujerumani. Mwaka 2024 viza yake ikatoka. Kutoka Köln treni ya kasi inafika Paris kwa saa tatu na ushei, nikaona haiwezekani mama asafiri kutoka Dar mpaka huku, aione wodi yangu na baridi ya Novemba, kisha arudi. Nikaomba likizo ya wiki moja. Tukaondoka watatu: mimi, mama na mwanangu wa miaka 9.

Mshahara wa muuguzi una mipaka, na Paris haina huruma na mfuko wa mtu. Ndipo nilipoanza kuchunguza Paris Museum Pass. Ni tiketi moja inayokuingiza makumbusho na majengo ya kihistoria zaidi ya 50, Paris na viunga vyake. Ipo ya saa 48, ya saa 96 na ya saa 144. Tulipokwenda bei zake zilikuwa euro 62, 77 na 92. Nilichukua ya saa 96. Euro 77 kwa mtu ni zaidi ya shilingi laki mbili za kwetu, na nilinunua mbili, kwa hiyo kabla ya kulipa nilikaa na kalamu na karatasi usiku mzima wa zamu.

Nianze na kosa ambalo lilibaki kidogo nilifanye. Wakala mmoja wa tiketi mtandaoni alikuwa ameniwekea watu watatu kwenye kikapu, mtoto akiwa mmoja wao, kwa bei ileile ya mtu mzima. Sikubonyeza. Makumbusho ya taifa ya Ufaransa hayamtozi mtu aliye chini ya miaka 18, awe Mfaransa au Mdigo. Mtoto umnunulie pasi ya nini? Unachotakiwa kufanya ni kumwekea nafasi yake ya saa kwa bei ya sifuri pale panapodai nafasi, na utembee na pasipoti yake. Na ninyi wanafunzi mnaosoma Ulaya, kama hujafika miaka 26 na una kibali cha kuishi katika nchi ya Umoja wa Ulaya, Louvre, Orsay, Versailles na mengi ya aina hiyo unaingia bure. Beba kibali chako, hiyo pesa ya pasi kalie chakula.

Jambo la pili ambalo watu wengi hulikosa ni hesabu ya saa. Pasi haihesabu siku za kalenda. Inaanza kuhesabu saa pale inaposkaniwa mara ya kwanza mlangoni. Ukiianza asubuhi, saa 96 ni siku nne. Ukiianza mchana, inagusa siku tano. Sisi tulifika Jumatano tarehe 13, tukaacha mizigo, tukala, na mlango wetu wa kwanza ulikuwa Sainte-Chapelle, kanisa dogo la kale, saa nane na dakika kumi mchana. Maana yake ilikuwa hai mpaka Jumapili, saa nane na dakika kumi.

La tatu ndilo kubwa kuliko yote: pasi ni malipo, nafasi ni jambo jingine. Louvre, Sainte-Chapelle, Versailles na Orangerie utaweka nafasi ya siku na saa mapema kwenye tovuti ya kila sehemu, unachagua mstari wa wenye pasi, hulipi kitu. Nafasi za asubuhi huisha. Mimi nilianza na kalenda ya nafasi, nikazishika zote, ndipo nikanunua pasi. Ukifanya kinyume unaweza kujikuta na pasi uliyoilipia mkononi na Louvre imejaa. Angalia pia siku za kufunga: Louvre na Orangerie hufunga Jumanne, Orsay na Versailles hufunga Jumatatu. Anayeianza pasi yake ya saa 48 Jumatatu asubuhi amejiumiza mwenyewe.

Sainte-Chapelle iko ndani ya uzio wa mahakama, kwa hiyo foleni ya ukaguzi wa usalama ni ya kila mtu, mwenye pasi na asiye na pasi. Tulisimama kama dakika 25 kwenye manyunyu, mama amejifunga kanga juu ya koti. Ghorofa ya chini ni ya kawaida. Unapanda ngazi nyembamba ya kuzunguka, na juu kuta zote ni vioo: madirisha 15, kila moja urefu wa mita 15 hivi, yaliyowekwa katika miaka ya 1240. Mama, ambaye ni Mwislamu wa swala tano, alikaa kwenye kiti cha pembeni akaanza kumtajia mjukuu manabii aliowatambua kwenye vioo. Nuhu. Musa. Yusufu. Nilikuwa nimepanga dakika 30 pale, tukakaa saa nzima. Tukaingia Conciergerie, jirani yake, gereza la wakati wa mapinduzi. Mama alichoka haraka, tukatoka.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu kuhusu pasi hii. Ukilipa euro 13 mlangoni, unajiona lazima uzimalize. Unamkokota mzee vyumba vyote ili pesa isipotee. Ukiwa na pasi, mguu ukiuma unatoka, na hakuna anayekumbuka bei. Kwa anayesafiri na mzazi mwenye magoti ya miaka 60 na kitu, mimi naiweka faida hiyo mbele ya punguzo lenyewe. Ila kumbuka kwamba ukishatoka hurudi. Kila sehemu unaingia mara moja tu.

Alhamisi niliwaacha walale. Orsay hufungwa saa nne kasorobo usiku siku hiyo, kwa hiyo tuliingia jioni, wakati vikundi vya watalii vinatoka. Ilikuwa stesheni ya treni, iliyofunguliwa mwaka 1900, na bado inaonekana stesheni. Mwanangu alikwenda moja kwa moja kwenye saa kubwa ya kioo ghorofa ya tano akakaa pale akiangalia mji upande wa pili wa mto. Picha sikumlazimisha.

Ijumaa ilikuwa Versailles, jumba la wafalme wa Ufaransa nje ya mji, na hii nitaisema taratibu.

Kwanza nauli: pasi haihusiani kabisa na usafiri. Mimi nilikata Navigo ya wiki, kadi ya usafiri wa mji, ambayo wakati ule ilikuwa euro 30.75 mbali na euro 5 za kadi yenyewe na picha ndogo ya pasipoti. Inakwenda Jumatatu hadi Jumapili na inafika mpaka Versailles kwa treni ya RER C. Pili, bustani: kuanzia Novemba hadi Machi kuingia bustanini ni bure. Miezi ya joto, siku za chemchemi na muziki, bustani ina tiketi yake na pasi haiilipi. Novemba miti ni mitupu na sanamu zimepoa, lakini mfuko wako umesalimika.

Ndani tulifuata umati mpaka Ukumbi wa Vioo. Mita 73 za urefu, matao 17 ya vioo upande mmoja, madirisha upande wa pili. Watu wote walikuwa wameinua simu. Mama akasimama katikati, akaniuliza kwa sauti ya darasani, "Hapa ndipo walipotia saini?" Nikamwambia ndiyo mama, ndipo. Akamshika mwanangu bega.

"Sikiliza mume wangu," ndivyo anavyomwita. "Unayaona yale majengo ya Wajerumani kule Tanga, na ile reli? Wajerumani walitutawala. Wakapigana na Waingereza mpaka pale kwetu mjini, Novemba 1914. Walioshindwa vita wakaletwa humu ndani, tarehe 28 Juni 1919, wakaambiwa weka saini. Kwenye karatasi hiyo Mjerumani akaondoa mkono wake kwetu, na ndiyo maana babu yako mkubwa alizaliwa chini ya Mjerumani akazikwa chini ya Mwingereza, na hakuhama nyumba."

Miaka yote amefundisha ubaoni kwa chaki mkataba huo wa Versailles, wa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanangu, aliyezaliwa Ujerumani na kusoma shule ya Kijerumani, alikuwa anamtazama bibi yake mdomo wazi. Mimi niligeuka nikaangalia dirishani kidogo. Tikiti ya jumba peke yake ilikuwa euro 21, na kwa ajili ya hayo maneno matatu manne ningeilipa mara tatu.

Jumamosi Louvre saa tatu asubuhi, mlango wa wenye nafasi. Nitasema wazi: kwa mama ilikuwa nyingi mno. Mona Lisa ni picha ya sentimita 77 kwa 53 na mbele yake kuna vichwa. Alifurahia sehemu ya Kiislamu na ya Misri, akakaa kwenye benchi, na saa tano na nusu tulikuwa nje tunakunywa chai. Euro 22 kwa saa mbili na nusu, na hakuna aliyenung'unika, kwa sababu niliyoitaja. Jioni tukaenda Arc de Triomphe, lile tao la ushindi. Kuna ngazi 284. Mama alikataa, akabaki chini kwenye kaburi la askari asiyejulikana, ambako kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni huwashwa upya mwali wa moto. Mimi na mtoto tukapanda. Barabara 12 zinatawanyika kutoka chini ya miguu yako kama mbavu za mwavuli, taa za magari zimezijaza, na Mnara wa Eiffel uko pembeni unameta. Mnara huo haumo kwenye pasi, wala mashua za mto Seine hazimo. Wengi hununua pasi wakidhani vimo. Sisi tuliutazama kutoka juu ya tao na kutoka uwanja wa Trocadéro, ikatosha. Kanisa la Notre-Dame lilikuwa bado limefungwa tangu moto wa 2019. Lilifunguliwa tarehe 8 Desemba mwaka ule, na kuingia kanisani ni bure, pasi haihitajiki.

Sasa hesabu, kwa bei za mlangoni za Novemba 2024. Mama: Sainte-Chapelle 13, Conciergerie 13, Orsay 16 kwa mtandao, Versailles 21, Louvre 22, Panthéon 13, Orangerie 12.50. Jumla euro 110.50. Mimi naongeza Arc de Triomphe 16, jumla 126.50. Pasi 77. Kwa sisi wawili tulibakiwa na euro 83, ingawa kusema haki Sainte-Chapelle na Conciergerie zina tiketi ya pamoja inayopunguza tofauti hiyo kidogo. Euro 83 zilitulisha siku mbili.

Tangu hapo bei zimepanda, ya pasi na za milango. Kuanzia Januari 2026 Louvre inamtoza euro 32 mgeni ambaye si raia wala mkaazi wa nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya, kwa hiyo anayetoka Dar, Mombasa au Bujumbura apige hesabu yake upya akiwa na bei za siku hiyo mbele yake. Kipimo changu ni hiki: sehemu tatu kubwa kwa saa 48, sita kwa saa 96. Kama unataka Louvre na Mnara wa Eiffel tu halafu madukani, usiinunue. Na kama safari yako inaangukia Jumapili ya kwanza ya mwezi, Orsay na Orangerie ni bure kwa kila mtu, zitoe kwenye hesabu.

Jumapili asubuhi tulishuka chini ya Panthéon, wanakolazwa watu ambao Ufaransa inawaheshimu. Nilitaka mwanangu amwone Félix Éboué, gavana wa Chad wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mtu mweusi wa kwanza kuzikwa pale, mwaka 1949. Alisoma jina mwenyewe, herufi kwa herufi, kisha akaomba tumpige picha hapo.

Orangerie nilikuwa nimeiweka ya mwisho, nafasi ya saa sita na nusu. Vyumba viwili vya umbo la yai, weupe mtupu, na ukutani picha nane ndefu za mchoraji Monet zinakuzunguka pande zote. Mama aliingia, akasimama.

"Haya si yungiyungi?"

Ni yungiyungi, mama. Mzee huyu alikuwa na bwawa nyumbani kwake, akayachora mpaka akafa.

Akaketi kwenye benchi la katikati. Akasema maji yale ni maji ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaamka, na kwamba yule bwana alikuwa anakwenda bwawani mapema. Alikuwa hajasoma maelezo yoyote. Nilitazama simu: saa nane na dakika kumi imepita, pasi imekwisha. Ukishakuwa ndani hakuna anayekutoa. Mama alikuwa amemvuta mjukuu wake karibu, anamwonyesha kwa mikono jinsi walivyokuwa wakiingia majini mpaka kifuani, wakifuata shina la yungiyungi kwa vidole vya miguu hadi kwenye tope, wakang'oa matoro wakaenda kuyachemsha.

"Matamu?" mtoto akauliza.

"Yana utope kidogo," mama akasema. "Lakini ukiwa na njaa, matamu."