Southampton hadi Bergen na Mama: Safari Yangu ya Tisa ya Meli

Safari ya mwezi Juni mwaka huu hadi Norway ilikuwa ya tisa kwangu mimi na mama yangu katika meli za kitalii zinazong'oa nanga Southampton. Kampuni sitaitaja kwa jina, kwa kuwa nimeshawaandikia kuhusu kasoro nitakazozieleza hapa na bado nangoja jibu lao, nami naona si haki kuwahukumu kwa jina kabla hawajajieleza. Mama ana miaka 74, alizaliwa na kukulia Mji wa Kale, Mombasa, na sasa anaishi nasi Reading, Uingereza. Magoti yake yamechoka, na ana utaratibu wake wa siku ambao hataki kuuvunja: chai ya tangawizi kabla ya jua kuchomoza, sala kwa wakati wake, dawa tatu asubuhi na mbili usiku, na usingizi wa mchana. Kwa hiyo meli naipima kwa jambo moja tu, yaani kama mzee wa namna hii anaweza kukaa humo siku saba bila kuuacha utaratibu huo.

Kwetu safari huanza jikoni, wiki mbili kabla ya siku yenyewe. Mume wangu hufanya kazi ya zamu na amefuatana nasi mara moja tu, na mama hakubali kumwacha mkwewe akila vyakula vya kununua, hivyo hupika samaki wa kupaka, maharagwe ya nazi na mahamri, akavipanga kwenye friza katika vibakuli vilivyoandikwa siku. Jirani huachiwa ufunguo na mimea ya dirishani. Mimi nina begi moja dogo ambalo halifunguliwi mwaka mzima: ndani yake mna soksi nzito, dawa ya kichefuchefu, waya za simu, na kulabu za sumaku, kwa sababu kuta za vyumba vya meli ni za chuma na kulabu hizo hushika popote, ukapata pa kutundika buibui, taulo na mkoba wa dawa. Kwa anayesafiri mara ya kwanza, kulabu hizo ni za kununuliwa kabla ya kitu kingine chochote.

Kutoka Reading tunapanda treni ya moja kwa moja inayopitia Basingstoke na Winchester hadi Southampton Central, kisha teksi hadi gatini. Miaka ya mwanzo tulikwenda kwa gari, nikalipa maegesho ya wiki nzima, na nikagundua kwamba fedha hizo zilitosha treni, teksi na chakula cha njiani. Masanduku hupachikwa karatasi zenye namba ya chumba tangu nyumbani, wapagazi huyapokea mlangoni mwa kituo cha abiria, na hutayaona tena mpaka yawekwe mlangoni mwa chumba chako, pengine jioni. Kwa hiyo dawa za mama hazitiwi katika sanduku hata siku moja. Husafiri begani mwangu pamoja na pasipoti. Nikumbushe pia kwamba Norway imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na mwenye pasipoti ya Kenya, hata akiwa na kibali cha kuishi Uingereza, anahitaji viza ya Schengen. Mama alianza kuishughulikia ya kwake miezi minne kabla.

Kuhusu chumba nina maoni makali, kwa kuwa nimewahi kukosea. Kampuni nyingi huuza vyumba kwa njia mbili: ulipe zaidi na uchague namba yako, au ulipe pungufu na upewe chochote kitakachobaki. Mwaka mmoja nilichagua unafuu, tukapewa chumba kilicho chini kabisa ya ukumbi wa bafe, na kila siku saa kumi na moja alfajiri tuliamshwa na viti vikiburutwa juu ya vichwa vyetu. Tangu hapo nachagua namba mwenyewe: katikati ya meli, mbali na omo, yaani mbele, na mbali na tezi, yaani nyuma, katika sitaha ya chini, kwa kuwa meli ikienda mrama hapo ndipo hutulia zaidi, na nahakikisha kwamba juu yetu na chini yetu pana vyumba vya kulala tu. Swali la dirisha ni gumu zaidi kuliko linavyoonekana. Mwezi Juni, katika latitudo ya Geiranger, mojawapo ya bandari zetu za Norway, jua huzama karibu saa tano za usiku na huchomoza karibu saa kumi alfajiri, na katikati hapaingii giza kamili. Chumba cha ndani kisicho na dirisha, ambacho wengi hukidharau, ndicho pekee chenye usiku wa kweli huko, na kwa mtu mwenye usingizi mwepesi ningekipendekeza bila kusita. Mama hakubali. Anataka kuiona bahari akiwa kitandani, basi nilibeba kitambaa cheusi kizito cha kufunikia dirisha, nacho kilifaa.

Zoezi la usalama lilifanywa kabla ya kuondoka, kama inavyopaswa. Katika ajali ya meli ya kitalii ya Costa Concordia ya Januari 2012, iliyoua watu 32 nchini Italia, walikuwamo abiria waliopanda siku ileile ambao zoezi lao lilikuwa bado, na baada ya hapo kanuni za kimataifa zikakazwa. Siku hizi meli nyingi hukutaka utazame video chumbani kisha upite mahali pako pa kukutania ili jina lako litiwe alama. Naelewa kwamba njia hiyo huondoa msongamano, lakini siipendi kama ile ya zamani ya kukusanyika wote kwa pamoja na kuvaa majaketi ya kuokolea, kwa sababu mikono hujifunza kwa kutenda. Mama naye hachukulii jambo hili kwa wepesi. Tarehe 29 Aprili 1994 kivuko kilizama Mtongwe, kwetu Mombasa, wakafa watu zaidi ya 250 ilhali nchi kavu wanaiona, na miongoni mwao walikuwamo watu aliowajua. Kila safari huvaa jaketi lake chumbani, hufunga kamba zote, na hunitaka nihesabu hatua kutoka mlango wetu hadi ngazi. Mhudumu wa sitaha yetu alipomkuta akifanya hivyo alimsubiri, akamrekebishia mkanda mmoja, na akamwonyesha ngazi ya pili upande wa tezi endapo ya kwanza itazibwa. Kwa utumishi wa namna hii kampuni hii inastahili sifa zote.

Tuliondoka jioni, maji yakiwa yamejaa. Southampton ina jambo ambalo mtu wa pwani hulipenda: maji yakishajaa hukaa juu kwa muda mrefu kabla ya kuanza kupwa, na ni mojawapo ya sababu zilizoifanya bandari hii ifae meli kubwa. Mama, aliyelelewa kwa hesabu za bamvua, yaani maji makuu, alisimama kwenye ubao wa sitaha akiyatazama maji yasiyoshuka mpaka tukakipita kisiwa cha Isle of Wight.

Maisha ya ndani niyasifu kwanza. Chumba kina birika la umeme, vikombe na maziwa, hivyo chai ya tangawizi na iliki ilipikwa kila alfajiri kama nyumbani. Pana chumba cha kufulia chenye mashine za bure na pasi, jambo lililotuwezesha kusafiri na masanduku mawili madogo badala ya manne. Mhudumu wa chumba chetu, kijana wa Goa, alijua kufikia siku ya pili kwamba mama hulala mchana, na hakugonga mlango wakati huo tena. Bakshishi za wahudumu zilikuwa zimeshajumlishwa katika nauli, nami napendelea hivyo kuliko kukatwa kidogokidogo kila siku. Vifurushi vya vinywaji havimfai asiyekunywa pombe, na intaneti ya melini ni ghali kwa kasi yake. Simu niliitumia bandarini tu.

Chakula ndipo penye upungufu. Niliagiza nyama ya halali tangu siku ya kulipia, na katika ukumbi mkuu mambo yalikwenda vizuri kabisa, kwani kila usiku mkuu wa wahudumu alituletea orodha ya kesho yake tuchague mapema. Katika bafe, hata hivyo, hapakuwa na nyama ya halali hata siku moja. Kwa hiyo mchana, siku ambazo ukumbi mkuu ulifungwa kwa kuwa meli imo bandarini, tulibaki na samaki, mayai na mboga. Samaki walikuwa wazuri, hilo nalikiri, lakini siku nne za samaki yuleyule wa kukaanga ni nyingi mno kwa kampuni inayokuuliza mahitaji yako nusu mwaka kabla.

Sala nayo ina hesabu zake. Dira ya simu hupotoshwa na chuma cha meli, hivyo tulitumia ramani ya njia ya meli inayoonyeshwa kwenye runinga ya chumbani: ukiona omo imeelekea wapi, unajua kusini-mashariki iko upande gani, nako ndiko kibla kilipo kwa aliye Norway. Pale ambapo giza haliingii, wakati wa Isha ni suala lenye rai kadhaa za wanazuoni. Sisi tulimuuliza imamu wa msikiti wetu kabla ya kuondoka na tukashika alivyotuelekeza. Na aulize mapema kila atakayekwenda huko wakati wa kiangazi, asingoje kubahatisha usiku wa manane.

Fyodi ni ghuba nyembamba na ndefu zilizochongwa na barafu ya kale, na ile ya Sogne ndiyo ndefu kuliko zote nchini Norway, zaidi ya kilomita 200, yenye kina kinachofikia mita 1,300 hivi. Kijiji cha Flåm kimo katika tawi lake mojawapo. Kwa mtu mwenye magoti ya mama, sijaona bandari iliyopangika kuliko hii, kwa sababu meli hufunga gatini na kituo cha treni kipo hatua chache tu kutoka hapo. Treni hiyo hupanda njia ya kilomita 20 hadi Myrdal, zaidi ya mita 860 juu ya usawa wa bahari, ikipita mahandaki 20, na husimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen ili abiria washuke watazame. Tiketi nilizinunua mwenyewe mapema badala ya kuzipitishia kwa meli. Kanuni yangu ni kwamba mahali pa karibu na gati twende wenyewe, na mahali pa mbali twende na msafara wa meli, kwa kuwa msafara wake ukichelewa meli huusubiri, ilhali aliyejiendea mwenyewe akichelewa huachwa. Mama alikaa dirishani saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, na kwenye maporomoko alishuka kwa miguu yake mwenyewe, akarudi na mtandio umelowa manyunyu.

Bergen ilitupokea kwa mvua, kama ilivyo desturi yake, kwa kuwa hunyesha zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Bryggen, safu ya nyumba za mbao za wafanyabiashara wa Hansa, muungano wa kale wa miji ya biashara ya kaskazini mwa Ulaya, imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1979, na utajiri wa mji huo wa kale ulitokana kwa sehemu kubwa na samaki wa kukaushwa walioletwa kutoka kaskazini. Katika soko la samaki mama alimwinua mmoja, mgumu kama ubao, akamnusa, akasema ni ng'onda, yaani samaki mkavu, wa watu wa baridi. Tulimnunua. Stavanger, bandari yetu nyingine, ni pazuri kwa matembezi mafupi kati ya nyumba nyeupe za mbao, nasi hatukufanya zaidi ya hayo.

Geiranger ndipo nilipokasirika. Huko meli yetu ilitia nanga katikati ya maji, na abiria wakapelekwa pwani kwa mashua ndogo. Katika ratiba tuliyouziwa palionyeshwa alama ya mashua, na hilo silikatai. Kasoro ni kwamba nilipopiga simu mwezi Machi kuuliza kama mzee asiyeweza kuruka ataweza kushuka, niliambiwa pana njia rahisi, na asubuhi ile tukakuta ngazi yenye kuyumba na pengo la kuvukwa kwa hatua moja ndefu. Baharia aliyekuwa mlangoni alikuwa muungwana, akamwambia mama kwa upole kwamba hawezi kumruhusu, na kwa usalama alifanya sahihi. Aliyetukosea ni yule aliyejibu simu bila kujua. Mama alikaa sitahani siku nzima akitazama maporomoko ya Dada Saba kwa mbali, nami nikakaa naye.

Southampton tulishuka tukiwa tumebeba masanduku wenyewe, njia inayoruhusiwa kwa wenye mizigo midogo, na kabla ya adhuhuri tulikuwa jikoni kwetu. Nafasi ya Juni ijayo nimeshaiweka katika kampuni ileile: katikati ya meli, sitaha ya chini, dirisha la mama, na ratiba ambayo katika bandari zake zote meli hufunga gatini.