ChimeraX na migusano ya asidi amino: uzoefu wangu na himoglobini ya selimundu

Kama unataka kujua asidi amino ipi, yaani kipande kipi cha mnyororo wa protini, inagusana na ipi, na huna maabara yenye fedha nyuma yako, anza na ChimeraX, programu ya kompyuta ya kuangalia miundo ya molekuli. Nimefanyia nayo sehemu kubwa ya kazi yangu ya uzamili wa biokemia hapa Nairobi, na bado naifungua karibu kila siku ya kazi. Imetengenezwa na Chuo Kikuu cha California kilichoko San Francisco, ikairithi Chimera ya zamani. Mwanafunzi au mtafiti wa chuo hatozwi hata senti. Leseni ya kulipia ni ya wanaoitumia kibiashara.

Faili ya kusakinisha ni kubwa, mamia ya megabaiti, kwa hiyo usithubutu kuipakua kwa bando la simu. Subiri Wi-Fi ya chuo au ya maktaba. Baada ya hapo mambo huwa mepesi. Ukiandika open 2hbs (2hbs ni msimbo wa muundo mmoja), programu yenyewe inaenda kwenye PDB, hifadhi ya miundo ya protini, inaleta muundo na kuuweka kwenye folda ya Downloads. Siku nyingine unaufungua kutoka hapo hapo hata kama intaneti imekatika. Kwa anayefanya kazi usiku nyumbani, bando likiwa limebaki kidogo, hilo si jambo dogo.

Hiyo 2HBS ndiyo nitakayoieleza, maana ndiyo iliyonionyesha uwezo wa programu hii. Ni himoglobini S, yaani protini ya kubebea oksijeni kwenye damu ya mwenye selimundu, ikiwa haina oksijeni, muundo uliopatikana kwa eksirei ya fuwele na kuchapishwa mwaka 1997, kwa uwazi wa angstromu 2.05 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Selimundu si habari ya mbali kwetu. Nyanza, Magharibi na Pwani wanaujua ugonjwa huu vizuri, na Nairobi imejaa watu wa kutoka pande hizo zote. Chanzo chake ni asidi amino moja, jambo alilolionyesha Vernon Ingram mwaka 1957. Kwenye nafasi ya 6 ya mnyororo wa beta, panapostahili kuwa na asidi ya glutamiki, kuna valini. Glutamiki ina chaji hasi na inapatana na maji, valini inayakimbia. Himoglobini ikishaachia oksijeni, valini ya molekuli moja inajichomeka kwenye mfuko ulio juu ya molekuli jirani, penye fenilalanini 85 na lusini 88. Molekuli zinashikana hivyo hadi zinakuwa nyuzi ndefu, na nyuzi hizo ndizo zinazoikunja chembe nyekundu ya damu.

Kwenye faili hii kuna tetrameri mbili (molekuli nzima mbili, kila moja ya minyororo minne), na minyororo ya beta ni B, D, F na H. Kwa hiyo amri yangu ni hii: contacts /B,D,F,H:6 intraMol false reveal true log true. Kile kipande cha intraMol false kinaondoa migusano ya valini na majirani wa mnyororo wake mwenyewe, ambayo ipo kila mahali na hapa haina la kutuambia. Yanayobaki ni yale yaliyovuka kwenda mnyororo mwingine. Papo hapo vistari vya nukta vinatokea kwenye skrini, asidi amino zilizokuwa zimefichwa zinajitokeza, na kwenye dirisha la Log linashuka jedwali la atomu moja moja, kila jozi na umbali wake. Unaweza kuusogeza mfuko ule karibu mpaka ukajaza skrini, ukauzungusha, ukaona jinsi matawi ya valini yalivyoelekea kwenye pete ya fenilalanini. Nilikuwa nimeusoma mfuko huo miaka mingi. Kuuona nikiwa nimeuuliza mwenyewe, kwa amri ya mstari mmoja, kulinipa furaha ambayo siwezi kuificha.

Mwanafunzi mmoja niliyekuwa nikimwelekeza kwenye kampasi ya Chiromo aliniuliza swali zuri sana: "Dada, mbona makala hii inasema mgusano ni angstromu 8 na yako inaonyesha karibu 4?" Hapa ndipo kila anayeanza anapaswa kutulia. Wanaotabiri miundo ya protini wamezoea kupima kutoka beta-kaboni, kaboni ya kwanza ya mkono wa pembeni wa asidi amino, hadi beta-kaboni ya nyingine (glisini haina, kwa hiyo hutumika alfa-kaboni ya uti wa mnyororo), na jozi ikiwa chini ya angstromu 8 wanaihesabu. Kipimo hicho ni chepesi kwa kompyuta na kinafaa kulinganisha maelfu ya miundo. Lakini asidi mbili zinaweza kuwa ndani ya 8 huku mikono yake imepeana mgongo, na arginini yenye mkono mrefu inaweza kumfikia jirani ambaye beta-kaboni yake iko mbali zaidi ya hapo.

ChimeraX haianzi na umbali mmoja kwa wote. Inajumlisha nusu-kipenyo cha kila atomu, inatoa umbali uliopo kati yake, na inachopata inakiita kiasi cha kupishana. Kwa contacts, kikomo cha kawaida ni hasi 0.4, yaani atomu zinahesabiwa hata zikiwa zimeachana kidogo. Tuchukue kaboni ya valini na kaboni ya pete ya fenilalanini. Faili isipokuwa na haidrojeni, ya kwanza inapewa 1.88 na ya pili 1.76; jumla ni 3.64, ongeza 0.4, unapata 4.04. Zikiwa mbali zaidi ya hapo, hazigusani. Ndiyo hiyo "karibu 4" aliyoiona yule mwanafunzi, na kwa jozi nyingine ya atomu jibu lingekuwa tofauti. Amri ya pili, clashes, inatumia hesabu ile ile ila kikomo chake ni chanya 0.6, kwa hiyo inakamata atomu zilizobanana kupita kiasi. Ukitaka umbali mtupu, upo pia: distanceOnly.

Jambo moja usilisahau. Ukiongeza haidrojeni kwa amri ya addh, nusu-kipenyo cha kaboni kinapungua hadi 1.70, kwa kuwa haidrojeni sasa zinasimama zenyewe, na orodha ya migusano inabadilika. Chagua njia moja, iandike kwenye sehemu ya mbinu ya tasnifu, ishike mpaka mwisho.

La pili ni ulinganifu wa fuwele. Faili ya PDB mara nyingi ina kipande tu kinachojirudia, na majirani wengine hawaonekani mpaka uwaumbe kwa amri ya sym. Kwa himoglobini S hili lina uzito wa pekee: katika uzi, kila tetrameri huchomeka valini moja tu kati ya mbili zake kwenye mfuko wa upande wa pili, na uzi wenyewe unaendelea nje ya faili. Ukiona valini haigusi kitu, usiseme iko peke yake kabla hujawaita majirani.

Ninachokipenda kuliko vyote ni swapaa, amri ya kubadilisha asidi amino. Nafasi ya 87 ya beta, pembeni mwa ule mfuko, ina threonini. Mnyororo wa gama wa himoglobini F, ile ya mtoto mchanga, una glutamini mahali hapo, yenye mkono mrefu zaidi, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya himoglobini F izuie nyuzi kuundwa. Ndiyo maana pia watoto wenye selimundu huwa salama kiasi miezi ya mwanzo, na ndiyo maana dawa ya haidroksiurea, inayoongeza himoglobini F, inasaidia. Tiba ya jeni mojawapo iliyoidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2023 inatumia beta iliyobadilishwa hapo hapo, threonini 87 ikawa glutamini. Badilisha, jaribu misimamo mbalimbali ya mkono ambayo programu inakupa, kisha endesha contacts na clashes upya. Wanafunzi wanaelewa kwa dakika chache jambo ambalo ubaoni lingetuchukua kipindi kizima.

Ila mgusano si nguvu. Jedwali litakuambia atomu ziko karibu. Halitakuambia zinashikana kwa kiasi gani. Wala contacts haitenganishi aina: bondi za haidrojeni zina amri yake, hbonds. Nikitaka aina zote kwa pamoja, za chaji, za pete kwa pete, za salfa kwa salfa, napeleka faili kwenye RING ya Chuo Kikuu cha Padova, Italia, inayofanya kazi kwenye kivinjari na kurudisha mtandao mzima wa asidi amino. Ninazitumia zote mbili, na sioni moja ikiondoa haja ya nyingine.

Kwa miundo iliyotabiriwa na programu ya AlphaFold, kuna alphafold contacts, inayochora jozi zilizo karibu na kuzipaka rangi kulingana na kiwango cha kosa kilichokadiriwa. Itumie. Sehemu ambazo AlphaFold yenyewe inazipa imani chini ya 50 kati ya 100 mara nyingi ni kamba zinazoelea, na migusano yake usiijengee hoja.

Kompyuta nayo iangaliwe. Programu inahitaji kadi ya grafiki inayokubali OpenGL 3.3 (kiwango cha kuchora picha za 3D), na leptopu nyingi za mitumba zilizozeeka hazifiki hapo, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Na kama kazi yako ni mwigo wa mwendo wa molekuli wenye maelfu ya fremu, hesabu migusano kwa MDAnalysis, maktaba ya lugha ya programu ya Python, kisha ulete ChimeraX zile fremu chache unazotaka kuziangalia kwa macho.